Alama Chini ya Feni

Getruda hakuwa amepaka kucha tangu siku ya ndoa yake, lakini asubuhi hiyo alishuka Peramiho na chupa ya rangi nyekundu mkobani. Aliichukua kwa binti yake bila kuomba. Kifuani alikumbatia kompyuta iliyofungwa kwa kitenge, na njia nzima hakumruhusu konda aiguse.

"Shikamoo mama," fundi Rupert alimwamkia.

"Marahaba. Mashine sikuachii. Utaifungua mbele ya macho yangu, na hapa sitoki."

Rupert akacheka, akamsogezea kiti. "Nani amekutenda, mama?"

"Fundi mmoja wa mjini."

Jina alilimeza. Mwanamke mwenye diploma ya uhazili, kupigwa changa la macho na mtu wa bisibisi! Aibu hiyo ilikuwa imemkaba wiki nzima.

Kompyuta ilikuwa ya ofisi. Ofisi ilipofungwa na watu kupunguzwa kazini, Getruda aliomba apewe hiyo badala ya mafao, akafungua steshenari Bombambili, mjini Songea. Watoto wakala, wakasoma. Ila ilikuwa ya zamani, iliyokuja imeshaunganishwa kiwandani, na shule zilikuwa zimeanza kuleta mitihani kwenye disketi za programu mpya. Ikawa inajikongoja.

Sefu, fundi wa kutoka Nakapanya, huko Tunduru, alikuwa na kibanda mlango wa pili. Alitengeneza redio, na kwa kompyuta yake mwenyewe aliwafundisha watu kwa ada. Aliifungua ile ya Getruda, akainua feni, akamwonyesha kipande cha mraba chini yake.

"Hii ndiyo prosesa, mama. Akili yake yote imo humu. Nitakutafutia yenye kasi zaidi, ila hizi za kiwandani zina maringo. Hazikubali kila mchumba."

Watu walikuwa wameshamwonya Getruda: fundi akibaki peke yake na kompyuta, anatoa kizima anaweka kibovu. Kwa hiyo Sefu alipoondoka, aliinua feni mwenyewe akaipaka ile prosesa rangi ya kucha. Mkono wa kwanza haukumridhisha. Akaongeza wa pili, na wa tatu, mpaka alama ikaonekana kweli. Feni akairudisha kwa kuikandamiza.

Siku zilizofuata mashine ikazidi kuchoka. Ikawa inazimika kila nusu saa, halafu siku moja ikazimika moja kwa moja, na mitihani ya shule mbili tumboni. Sefu akaichukua.

Kesho yake akairudisha. Darasa lake siku hiyo halikuwepo. Wanafunzi walikuwa mlangoni wakinung'unika.

"Imepona, mama," alisema. "Ijumaa nikitoka msikitini nitapita nikueleze."

Getruda hakungoja Ijumaa. Kabla hata ya kuchomeka waya ukutani alifungua, akainua feni, akachungulia. Chini yake palikuwa safi. Hapakuwa na wekundu wowote.

Alimtoa Sefu kibandani mbele ya walimu waliokuja kufuata mitihani yao.

"Prosesa yangu iko wapi, mwizi wewe?"

"Mama, tuingie ndani nikueleze."

"Nieleze hapa hapa, walimu wasikie!"

Sefu aliwatazama walimu. Akamtazama yeye. Akafunga mdomo.

Getruda hakuhitaji zaidi ya hapo. "Mnamwona? Hana la kusema!"

Siku ile ile watu walianza kuja kuchukua redio zao. Jumamosi kibanda kilikuwa na kufuli, na mwenyewe alikuwa ameshapanda gari la Tunduru kurudi kwao. Getruda hakuiwasha ile kompyuta. Mitihani aliipiga upya kwa taipu, akikesha, akimlaani Sefu kila herufi.

"Haya, mama, unataka tufanye nini?" Rupert alimuuliza.

"Unitafutie prosesa inayoingia humu. Yenye kasi. Hiyo takataka aliyoniwekea uitoe."

Mkono wake uliingia mkobani, ukaishika chupa. Safari hii angepaka kila kitu.

Rupert alifungua, akainua feni, akapuliza vumbi. Akainama kusoma namba. Akaisoma tena.

"Mama, unanitania?"

"Nina sura ya utani?"

"Hii ndiyo kubwa ya mwisho ambayo bodi hii inakubali. Nenda Dar es Salaam ukazunguke mwezi mzima, hupati ya kuipita ikakaa humu."

"Soma vizuri, wewe."

"Nimesoma." Aliona kitu kimechomekwa nyuma ya sehemu ya disketi, akaingiza vidole, akavuta kifurushi kidogo cha karatasi ya sigara. Ndani mlikuwa na kipande cha mraba, na juu yake gamba nene jekundu, lililoungua likawa jeusi pembeni. "Na ile ya zamani amekutunzia. Maskini, tazama! Mjinga gani aliipaka rangi? Feni haikukaa sawasawa, ikajipika yenyewe mpaka ikafa."

Getruda aliiachia chupa mkobani. Vidole vyake havikutoka humo.

"Huyo fundi wako nielekeze kwake," Rupert aliendelea, akiifunga mashine taratibu kama kitu cha thamani. "Nataka nijue hii mpya kaipata wapi. Songea nzima naijua moja tu, na imo kwenye kompyuta ya Sefu wa Bombambili, ile anayofundishia. Nimemwomba aniuzie mara tatu, akaniambia heri ningemwomba jicho."