Kufuli la Kielelezo

"Shtaka ni kuvunja duka na kuiba," wakili Mwanahawa alimnong'oneza mteja wake kizimbani. "Wanadai ulifungua kufuli bila ufunguo. Mzee wangu, nyamaza tu, na mikono yako itulie."

"Sawa, wakili," akajibu Mzee Sefania.

Redio iliyoibwa ilikuwa ndani ya sanduku la mahakama, na karani alikuwa amepoteza ufunguo wake. Alilivuta kufuli, akalitikisa, mwishowe akaagiza nyundo. Mwanahawa alitabasamu. Bila kielelezo, kesi ingekufa leo hii.

Karani akaligonga kufuli. Sefania akafumba macho. Akaligonga tena.

"Unaliua bure, mwanangu," Sefania alisema. Kabla wakili hajamshika shati, mzee alikuwa ameshachomoa pini iliyoshika karatasi za utetezi za wakili, akatoka kizimbani na kuliinamia sanduku. Kufuli likafunguka taratibu, kama mtu anayeamka.

Karatasi za utetezi zilikuwa zimetapakaa sakafuni, na hakuna aliyeziokota. Hakimu alivua miwani, akalitazama kufuli kiganjani mwa mzee, kisha akaitazama droo ya meza yake, ile iliyogoma kufunguka tangu masika yaliyopita.