Samli ya Kuvutia Kamba

Hiyo ndiyo samli pekee iliyobaki nyumbani, na mama mkwe wake alikuwa akiitunza kwa ajili ya viganja vya wanaume.

Mwantum alikitazama kibuyu kilichoning'inia ukutani mwa tembe, kisha akautazama mlenda wake chunguni, umeiva bila hata tone la mafuta. Ilikuwa Januari. Ghalani yamebaki mavumbi, uwele shambani haujafika magotini, na mvua inanyesha siku nzima kama mtu asiye na kazi nyingine. Watu wazima walilala mchana ili wasahau matumbo yao. Na samli iende viganjani!

"Kwetu Kondoa," alimwambia mumewe, "mtu akitaka kushika kamba hukausha mikono."

"Kwenu Kondoa," alijibu Matonya, akaendelea kunoa jembe.

Alikuwa mume mwema. Alisilimu ili amwoe, hakumpiga, hakulewa. Lakini kila ilipofika sikukuu ya kuzaliwa Kaizari wa Wajerumani, mwishoni mwa Januari, Bwana Mkubwa wa boma aliita vijiji viwili vivutane kamba, wanaume wanane kila upande, na washindi wakapewa fahali. Kijiji cha Matonya kilikuwa kimeitwa miaka mitatu, na miaka mitatu kimeburutwa kifudifudi matopeni. Mwaka jana Mwantum aliyaona mwenyewe, bibi harusi wa wiki tatu, akatamani ardhi immeze.

Wala hawakuzembea. Shaushi wa askari alitembea kando ya kamba na kiboko chake, na ole wake aliyelegea. Walivuta hadi mishipa ya shingo ikawatoka. Kisha mikono ikateleza, puu, chini! Isiteleze vipi, na samli yote ile? Hata mtoto anayetambaa angelijua hilo.

Tena walishindwa na watu ovyo. Hao wa Hombolo walioshinda mwaka jana hawakuthubutu kurudi uwanjani. Mwezi wa Desemba Mwantum alipita kwao, akakuta wanawake peke yao wakilima.

"Waume zao bado wameshiba fahali," aliwachekesha wenzake shambani. "Wamelala!"

Hakucheka mtu. Kijiji hiki hata kucheka kilikuwa hakiwezi. Aliposogea, mazungumzo yalikatika, tangu walipojua kuwa mjomba wake Halfani ni karani wa boma. Wivu tu, alijiambia.

Siku mbili kabla ya sikukuu, goti la mama mkwe lilivimba.

"Utawapaka wewe, mkamwana," alisema bibi yule akimkabidhi kibuyu. "Kila kiganja. Usiache hata kimoja, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Jioni hiyo mlenda uliungwa kwa samli, na Mwantum akala akashiba kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Kesho yake aligema utomvu porini, akauchemsha mpaka ukawa ulimbo, ule ule aliowategea ndege utotoni katika mtama wa baba yake. Akaujaza kibuyuni, na juu yake akapitisha samli kidogo, ya kuzugia macho.

Siku ilipofika, watu wa Mtera walikuwa wamejaa upande wa pili wa uwanja.

"Haya, wala mlenda!" alipiga kelele mwanamke mmoja mnene. "Leo mtaivuta kamba au mtairamba?"

"Waacheni," alidakia mwingine, "wamekuja kuoga matope!"

Mwantum alipita kiganja kwa kiganja, akipaka. Filipo, aliyekuwa wa mbele, alijaribu kukunjua vidole vyake, vikagoma.

"Shemeji, hiki ni nini?"

"Fahali," alisema Mwantum.

Matonya alifumbua kinywa, lakini shaushi alikwisha kupaza sauti: "Shikeni!" Kiboko kikalia hewani. Wakashika.

Wakavuta. Safari hii hakuna kilichoteleza. Kiboko kilikuwa migongoni mwao, na nguvu zote zile zilizozoea kupotelea katika samli zikaingia kambani. Matonya alivuta huku amemkazia mkewe macho, uso umemshuka kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Masikini, hajazoea kushinda, aliwaza Mwantum. Hatua tatu. Sita. Watu wa Mtera wakavuka mstari kwa magoti, kama mbuzi wanaogoma kwenda mnadani.

Mwantum alipiga vigelegele peke yake. Wanawake wa kijiji walisimama wamejishika vichwa. Hata vigelegele wamevisahau, mabwege hawa!

Mjomba Halfani akaja, daftari kwapani, fahali nyuma yake.

"Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba, mwanangu." Karani alikuwa akitikisa kichwa kwa mshangao. "Miaka mitatu namwandikia Bwana Mkubwa kwamba kijiji hiki hakina wanaume, ni vibogoyo watupu. Kumbe!"

Akamtia mkononi kamba ya fahali, kisha akamgeukia shaushi.

"Wanane, wazima kabisa. Mizigo ya Tabora imekosa wabebaji tangu wale wa Hombolo waishe."

Mwantum aligeuka na fahali wake amwonyeshe mumewe. Shaushi alikuwa ameiokota ile kamba ya mashindano. Alikwisha kuifunga shingoni mwa Filipo, na sasa alikuwa akimfikia Matonya.