Glasi za Meza ya Bwana

Mzee wa kanisa aliisogeza glasi ndogo mdomoni, akanusa, akasita. Eucabeth, shemasi aliyeandaa Meza ya Bwana Sabato ile pale Suna, alimtazama kwa hofu.

Chupa ya kinywaji kile alipewa na daktari Mfaransa aliyekuwa akirudi kwao. "Zabibu. Tamu, nyepesi," daktari alimwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Eucabeth akajigamba kwa mashemasi wenzake kwamba safari hii watakunywa juisi ya Ulaya, si maji ya zabibu kavu zilizochemshwa. Jana yake alipoionja, utamu kama wa asali ulimteremka kooni, kisha kifua kikashika moto. Alijua ni divai, na kanisani kwao pombe ni mwiko. Akaifunga chupa, asimwambie mtu.

Sasa waumini walikuwa wameinamisha vichwa, kila mmoja na glasi yake, wakingoja mzee aseme ndipo wanywe. Na mzee mwenyewe alikuwa ameacha pombe miaka tisa iliyopita, baada ya kuuza hata mabati ya nyumba yake.

"Dada," alinong'ona, "hii umetuletea ni juisi kweli?"

Mashavu yalimwaka Eucabeth. Neno moja tu lingetosha, lakini wenzake walikuwa karibu, wakisikia.

"Ni juisi, mzee."

"Haya. Kama ni wewe umesema."

Wote wakanywa. Mzee alifumba macho kwa muda mrefu. Alipoyafumbua, hakumtazama Eucabeth. Alizitazama glasi zilizobaki kwenye sinia, bado zimejaa.