Panyabuku na Mlango wa Nyuma

Palikuwa na Panyabuku mmoja mzee, hodari wa kuanza. Kila mwaka alichimba shimo jipya, na kila alipobakiza mlango wa nyuma, ule wa kukimbilia, alisema, "Huo nitautoboa mwakani."

Mwaka ulipokaribia kwisha alitoka kuyatazama mashimo yake. Yalikuwa mengi, na hakuna lililokuwa na mlango wa pili.

"Shikamoo, mzee," sauti ikasema nyuma yake. Alikuwa Kicheche, mla panya.

"Marahaba," akaitikia, meno yakigongana.

"Mashimo yote haya ni yako?"

"Yangu."

"Na milango ya nyuma?"

Panyabuku akaanza kurudi nyuma.

"Basi kimbia tu, mzee. Mimi nakuja taratibu."

Panyabuku akajitosa kwenye shimo la karibu mpaka ukuta wa mwisho. Akasikia kucha zikikwaruza udongo nyuma yake. Akachimba kama mwenye wazimu, na mara mwanga ukampiga usoni. Ukuta ulikuwa mwembamba kama ganda la yai.

Akakimbilia vichakani, salama. Huko ndiko alikotetemeka zaidi kuliko mbele ya Kicheche, maana alijiuliza: na mashimo yale mengine yote, je, nayo yalikuwa yamebakia kiasi hiki tu kutobolewa?