Taa ya Mabula

Daktari Mbonea, ambaye utafiti wake wa ubongo wa walevi ndio ulioleta taa za kupima hamu, aliweka glasi ya gongo mezani. Taa ndogo nyuma ya sikio la Mabula, mlevi wa zamani, ilibaki kijani.

"Hongera, mzee. Hata mate hayakutoki!"

Nyamizi, mke wa Mabula, hakucheka. Hakuwa amesahau. Mwanzo walisema taa ni za walevi tu, ziwake nyekundu wakitamani pombe. Mwaka uliofuata wakaongeza wacheza kamari. Sasa ikiwaka kwa hamu yoyote ile, mtu anarudishwa kituo cha matibabu kukazwa ubongo, hamu zizimwe zaidi. Jirani yao Kulwa alikazwa mara mbili. Siku hizi analishwa kwa kijiko.

Ghafla Shija, binti yao wa miaka minne, akacheka uani. Kila siku ya ukaguzi Nyamizi humpeleka kwa shangazi yake, lakini leo alirudishwa mapema.

Taa ikawaka nyekundu.

"Amemsikia mwanawe, daktari! Si gongo!"

"Mama, hamu ni hamu. Nampa dakika mbili. Isiporudi kijani, naita gari la kituo."

Nyamizi alitoka mbio, akamziba Shija mdomo kwa kiganja, akakishikilia hapo huku mtoto akitupa miguu. Ndani, taa ikarudi kijani. Daktari akatia sahihi, akaaga kwa adabu zote.

Jioni Mabula alinyoosha mikono. "Shija, njoo kwa baba."

Mtoto akamtazama mama yake, kisha akajiziba mdomo mwenyewe.