Mikanda ya Goti

Kila aliyekuja kumpa pole Mwanahawa alimlegezea bresi ya goti, kile kifungio cha mikanda alichovishwa hospitalini, eti damu ipite. Leo shangazi yake, Bi Saumu, aliifungua kabisa, akalipaka goti samli, kisha akaifunga juujuu. Mwanahawa aliposimama tu, bresi ikaporomoka hadi kwenye muundi, na goti lililopasuliwa juzi likapinda.

"Daktari kasema ibane, Shangazi!" alifoka, machozi yakimtoka.

"Kwani daktari ndiye aliyekulea?"

Mwanahawa alijiburuta hadi mlangoni, akaketi, akaunyoosha mguu kizingitini. Akaipandisha bresi mpaka tundu lake likakaa juu ya pia ya goti, akaanza kukaza mikanda.

"Hodi!" wanawake wakaita nje.

"Waitikie, mwanangu. Wamekuja kukuona."

Mguu ulilala mlangoni kama komeo. Mwanahawa akauvuta mkanda wa mwisho, asiseme karibu.