Mwezi Ndani ya Ghala

Mlango ulifungwa nyuma yake, na Mabruki akajua amejitia mtegoni mwenyewe.

"Baba, ukishaingia hutoki mpaka onyesho liishe," Julieth, binti aliyesimamia mlango, alikuwa amemwambia. "Mwanga wa nje unaharibu mwezi." Naye aliitikia kwa kichwa tu, barakoa imempanda mpaka machoni.

Mwezi wenyewe ulining'inia katikati ya ghala la kale, lililokuwa likihifadhi pembe za ndovu enzi za misafara. Ulikuwa ni puto kubwa kuliko nyumba, lililochapwa picha za mwezi wa kweli, na taa ndani yake. Tabora nzima ilikuja kuushangaa. Watu walitembea chini yake vichwa juu, midomo wazi. Ndiyo maana Mabruki alithubutu kuingia. Nani angemtazama maiti wakati kuna mwezi?

Kwa sababu mjini hapa Mabruki alikuwa marehemu. Duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilipobomoka kule Lusu, yeye alikuwa karibu na mdomo, mwenzake Adinani yuko chini. Adinani alimwita kwa jina. Mabruki aliisikia sauti vizuri kabisa, akakimbia. Jioni redio ikatangaza kwamba wawili wamefukiwa, ikataja majina yao yote mawili. Akaona afadhali afe hivyo kuliko kwenda kuwatazama usoni ndugu za Adinani. Akajificha Igalula, akafanya kibarua kwenye bani la kukaushia tumbaku, na redio hakuisikiliza tena.

Kilichomshinda ni mkewe, Maua. Akaanza kuhesabu eda. Mwanamume mzima, anahesabu eda ya mkewe kwa kifo chake mwenyewe! Lakini angefanyaje? Wakati wa eda nyumba yao ya Chemchem ingejaa wanawake, asingempata peke yake. Eda ikaisha, woga ukamshika, akangoja kwanza tumbaku imalizike kuchambuliwa.

Leo hatimaye alimwona akitoka nyumbani peke yake, akamfuata kwa mbali mpaka hapa. Angemweleza yote, wapande treni, wakaanze upya Kigoma. Akikataa, basi, angerudi Igalula akaendelee kufa.

Kuta za ghala zilikuwa nene, hewa nzito. Giza lilimkumbusha duara, na jasho likaanza kumtoka. Alitamani kutoka, lakini mlango ulikuwa umefungwa na Maua alikuwa ndani.

Alimpata chini ya mwezi, amempa mgongo. Harufu ya udi ilimfikia kwanza. Kisha akaiona miguu yake, imepakwa hina mpya. Mabruki alifurahi, akasogea karibu. Mwanamke aliye kwenye eda hajipambi. Basi Maua ametoka, yuko huru.

Akashusha barakoa.

"Maua."

Mwanamke akageuka. Hakupiga kelele. Alimtazama Mabruki, akautazama mlango, kisha mkono wake ukapapasa gizani nyuma yake mpaka ukapata mkono mwingine, ukaushika.

"Mke wangu, nani huyo?" mwanamume akauliza kwa upole.

Mabruki hakuhitaji kuiona sura yake. Mara ya mwisho sauti hiyo ilikuwa ikimwita yeye, kutoka chini ya duara.